Kijito Kilichofagiliwa

Kila siku baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa Shule ya Msingi Tochizawa walifunga vitambaa kichwani, wakakunja mikono ya mashati na kuanza usafi. Shule haikuwa na mfanyakazi wa kufagia, na hata angekuwapo, nadhani Kozue angemnyang'anya ufagio. Madirisha yalifutwa kwa magazeti makuukuu, vumbi likazolewa, kisha watoto wakajipanga kwenye korido ndefu ya mbao. Waliweka vitambaa vibichi sakafuni, wakaviinamia kwa mikono miwili na kukimbia hivyo hivyo, makalio juu, mpaka mwisho wa korido na kurudi.

"Teppei, umeruka kona," alisema Kozue.

"Kona ipi?"

"Ile nyuma ya ndoo. Naona vumbi."

"Hayo ni macho au darubini?" Teppei aliguna, lakini alirudi na kitambaa chake. "Jamani, leo Bi Ufagio kaamka na mori!"

Wenzao wakaangua kicheko, na Kozue mwenyewe akacheka. Alikuwa darasa la sita pamoja na Teppei, ambalo kwetu ndilo la mwisho la msingi, na ndiye kiongozi wa usafi. Shule nzima ilikuwa na wanafunzi tisa, kwa hiyo uongozi wenyewe haukuwa mkubwa kihivyo, lakini yeye aliubeba kama wa wilaya nzima.

Alipomaliza ndani, alitoka uwanjani kupangusa gogo. Lilikuwa gogo nene la mti mgumu, lililolazwa pale tangu enzi za bibi yake. Watoto walitembea juu yake kujifunza kusimama bila kuyumba, na walilikalia kila walipokuwa na habari ya kusimuliana. Kwa miaka hiyo yote makalio yao yalikuwa yamelilainisha mpaka likang'aa. Kozue alilipangusa kwa upole kuliko alivyopangusa dawati lake.

Ule ulikuwa mwaka wa mwisho wa shule yetu. Watoto walikuwa wamepungua mno kijijini, na ilikuwa imeamuliwa kwamba mwezi wa tatu mlango ungefungwa, na waliobaki wangepanda basi kwenda shule ya mjini. Gogo lingepakwa vanishi na kuwekwa katika ukumbi wa kijiji liwe kumbukumbu. Watu wazima walilizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini, kama linavyozungumzwa jambo la mgonjwa.

Lakini kabla ya kufungwa ilikuwapo siku moja ambayo Kozue aliingoja kwa hamu. Kila mwaka, majani ya milimani yanapoanza kuwa mekundu, shule nzima hushuka kijitoni kuwatazama yamame wakitaga mayai. Yamame ni samaki wa maji baridi ya milimani, mwenye madoa ubavuni kama alama za vidole gumba. Watoto hulala kifudifudi kwenye mikeka ng'ambo ya maji bila kusema neno. Jike akishataga na kuyafunika mayai yake kwa changarawe, wote huinamisha vichwa na kusema asante kwa sauti ndogo. Bibi yake Kozue alifanya hivyo alipokuwa msichana, mama yake pia. Safari hii ingekuwa mara ya mwisho, na waliowahi kusoma pale walikuwa wamealikwa kutoka kila upande.

Kozue alitaka siku hiyo iwe nzuri kuliko zote zilizotangulia. Kwetu, mtu akitaka kushukuru mahali, hupasafisha. Kabla ya mwaka mpya tunasafisha nyumba, katika sikukuu ya kuwapokea marehemu wetu tunasafisha makaburi, na muhula ukiisha tunasafisha madawati. Kwa hiyo mwezi wa nane, wakati wa likizo, Kozue aliposema, "Tukisafishe kijito," hakuna aliyeshangaa.

Walikwenda wote tisa, na Mwalimu Oginuma pamoja nao akiwa na kofia ya majani. Walifyeka matete ya ukingoni mpaka udongo ukaonekana. Waliikata mierebi, ile miti ya kando ya maji yenye matawi malaini yanayoinama, na ile mizizi iliyoning'inia majini waliing'oa kwa sababu Kozue alisema inafanana na nywele zisizochanwa. Mti mmoja mzee ulikuwa umeanguka ukalala nusu ndani ya maji. Waliukata vipande vipande na kuutoa. Mwisho waliyaokota mawe yote yaliyotapakaa kijitoni na kuyapanga pembeni kwa mstari, makubwa nyuma, madogo mbele, kama wanafunzi kwenye gwaride.

Kijito kikang'aa! Maji yalipita katikati moja kwa moja, hayana hata jani. Wanakijiji walisimama darajani kutazama, wakapiga makofi. Bibi Fusae, bibi yake Kozue, alikuja na tikiti maji lililopozwa kisimani, akalikatakata na kugawa.

"Mjukuu wangu huyu!" alisema akiwa amevimba kichwa kwa furaha. "Hata mto anaupiga deki!"

Mtu mmoja tu hakuwapo siku hiyo. Huyo alikuwa Shangazi Mitsue, msimamizi wa chama cha wavuvi wa bonde letu, anayewauzia wageni vibali vya kuvua na kuwafokea wakibeba samaki wadogo. Alikuwa hospitalini mjini, amefanyiwa upasuaji wa nyonga.

Katikati ya mwezi wa tisa kimbunga kilipita. Mvua ilinyesha kutwa kucha, na mlima ukanguruma. Jua lilipotoka, Kozue na Teppei walikimbia kijitoni na buti zao za mpira, na walipofika darajani walisimama ghafla. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Pale kijito kinapopinda, ukingo ulikuwa umemeguka, kipande kikubwa cha ardhi kimekwenda na maji, na kingine kilikuwa kinadondoka kidogo kidogo wakiwa wanakitazama. Chini yake, mahali penye changarawe ambapo yamame hutaga kila mwaka, palikuwa na tope tupu, laini na nene.

"Nguruwe pori hao," alisema Teppei. "Wamechimbachimba."

Nyuma yao mlango wa gari dogo jeupe ulifunguka, na Shangazi Mitsue akashuka polepole, fimbo mkononi.

"Shikamoo, Shangazi. Pole na hospitali," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Pole nyie, mimi nimepona." Alitazama kijito kwa muda mrefu. "Ule mti wangu uliolala hapa uko wapi?"

Teppei aliinamisha macho kwenye buti zake.

"Na mierebi je? Na haya mawe, nani ameyapanga kama vikombe kabatini?"

Teppei alianza kusema kitu kuhusu nguruwe, lakini Kozue alimshika mkono. Uso wake ulikuwa umemwiva.

"Ni mimi, Shangazi. Wazo lilikuwa langu. Tulitaka kushukuru, kwa sababu ni mwaka wa mwisho. Tulikisafisha."

Shangazi Mitsue alifumba macho kidogo. Kozue alingoja afokewe, na kwa kweli angependa afokewe, kwa sababu ule ukimya ulimuumiza zaidi.

"Njoo hapa," alisema Shangazi hatimaye. "Kule shuleni, mnapodeki korido, mnaanza kwa kufanya nini?"

"Tunaondoa vitu vyote njiani, ndoo na viatu."

"Kwa nini?"

"Ili tukimbie moja kwa moja bila kujikwaa."

"Basi. Mmeyapa maji korido. Zamani yalikuwa yakijikwaa kwenye mti, yakizunguka mawe, yakichelewa. Sasa yamekimbia moja kwa moja mpaka kwenye kona, yakaupiga ukingo kwa kichwa. Na ukingo hauna cha kujishikilia, mizizi mmeing'oa. Udongo wote ule umeshuka ukalala juu ya changarawe." Alinyoosha fimbo. "Yamame hutaga kati ya vijiwe ili maji safi yapite na kuyapa mayai pumzi. Akitaga kwenye tope, mayai yanakufa. Mara nyingi hata hatagi. Anageuka anaondoka."

"Hawatakuja?" aliuliza Kozue.

"Kwa hali hii? Sidhani, mwanangu."

Kozue aliketi chini palepale kwenye udongo uliolowa, akalia. Shule haingekuwa na mwaka mwingine wa kujaribu tena. Ile siku aliyotaka kuipamba, ameifuta yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Jioni hiyo hakugusa chakula. Bibi Fusae alimsogezea bakuli la wali, akalisogeza tena, kisha akaweka vijiti vyake chini.

"Unadhani umekosa peke yako?" aliuliza. "Tikiti lile nani alilikata? Nani alipiga makofi darajani? Mimi nimezaliwa hapa, nimekiona kile kijito maisha yangu yote kikiwa na nywele timtim, na sikujiuliza kwa nini. Kula. Kesho kuna kazi, na mtu mwenye njaa hashiki nyundo."

"Kazi gani, Bibi?"

"Mitsue amekwishazunguka kijiji kizima na gari lake. Ana nyonga mpya huyo, anaitafutia matumizi."

Mwalimu Oginuma alipiga simu wilayani kuomba ruhusa ya kutengeneza ukingo, na ruhusa ilipopatikana watu wakashuka kijitoni. Kilikuwa kipindi cha kuvuna mpunga, na kila nyumba ilikuwa na kazi yake ya haraka, lakini walikuja. Walikuja hata wale ambao hawakuwa na mtoto shuleni tangu miaka na miaka. Kozue aliwaona wakiteremka na miundu na toroli. Alipita kwa kila mmoja akiinama na kusema asante mpaka Teppei akamwambia ataumwa mgongo kabla ya kazi kuanza.

Shangazi Mitsue hakuruhusiwa na daktari kuingia majini. Aliketi ukingoni juu ya kreti la bia lililogeuzwa, akaongoza kwa fimbo na kwa mdomo.

"Fito za mierebi zifungwe matita, manene kama paja langu! Sio lako wewe Teppei, wewe una paja la kuku! Laza matita chini ya ukingo, juu yake mawe. Haya, vigingi sasa. Vigingi vikatwe kwenye mierebi iliyo hai, huko juu kwenye kichaka, tena mmoja mmoja, msiniachie kichaka kipara. Chongeni upande wa chini. Mkivipigilia kichwa chini miguu juu, havioti."

"Vijiti vitupu hivi vitaota, Shangazi?" aliuliza Kozue.

"Mwerebi ni mbishi. Umkate, umchome ardhini, atatoa mizizi ili akukomoe. Mizizi hiyo ndiyo itakayoushika ukingo tutakapokuwa tumelala."

Walipigilia vigingi kwa nyundo za mbao, safu kwa safu. Wengine waliifukua ile changarawe kwa reki, wakiichekecha taratibu ili maji yaondoke na tope. Kazi iliyomkera Kozue kuliko zote ilikuwa ya mawe. Alitakiwa kuyatoa kwenye mstari wake mzuri na kuyarudisha majini ovyo ovyo. Kila alipotua jiwe, mkono wake ulilinyoosha kidogo likae sawa na lenzake.

"Kozue!" Shangazi aligonga kreti kwa fimbo. "Nimekuona! Lipindishe!"

Watu walicheka sana, na yeye akalipindisha.

Kilichobaki kilikuwa mti. Shangazi alisema bila mti mkubwa wa kulala majini, maji yatakimbia tena na kila kitu kitakwenda na mvua inayofuata. Tena samaki wanahitaji kivuli na mahali pa kujificha.

"Ule wa zamani tunaweza kuurudisha," alisema Mwalimu Oginuma. "Vipande viko kwa Bibi Fusae, tutavifunga pamoja."

Bibi Fusae alikohoa. Alitazama mlima, akatazama ndala zake.

"Tumeuogea," alisema.

"Mmefanya nini?"

"Tumechemshia maji ya kuoga! Ulikuwa kuni nzuri, mkavu upande mmoja. Sasa nitafanyaje, niutapike?"

Mti mbichi haukufaa, maana mti wa kukata kule juu ungekuwa umeushikilia ukingo mwingine. Watu waliketi wakifikiri. Kozue naye alifikiri, na wazo lilipomjia alitamani lisingekuja.

"Gogo la shule," alisema.

Nyundo zote zilinyamaza. Bibi Fusae ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa waliowahi kusoma Tochizawa, na ndiye aliyenunua ile vanishi kwa pesa yake.

"Lile gogo ni la ukumbini," alisema kwa ukali. "Tumekubaliana. Watoto wataondoka, jengo litafungwa. Tubaki na nini? Niliketi juu ya gogo lile siku yangu ya kwanza, na babu yako akanisukuma nikaanguka. Hatukuwa hata tunajuana majina!"

"Najua, Bibi. Mimi ndiye ninayelipangusa," alisema Kozue. "Nalipenda kuliko kitu chochote pale shuleni. Lakini ni gumu, halitaoza upesi majini. Na samaki hawana kitu."

Bibi Fusae alipanda njia ya shuleni peke yake, mikono mgongoni. Mwalimu alitaka kumfuata, lakini Shangazi Mitsue alimzuia kwa fimbo. Walioko chini walimwona akilizunguka gogo, kisha akalikalia katikati, miguu ikining'inia kama ya mtoto. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Gogo lile limezoea kukaliwa na watoto," alisema. "Ukumbini litakaliwa na vumbi. Lichukueni. Na Kozue, vanishi utanisaidia kupaka mlango wa choo."

Kozue alimkumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo kwetu halifanywi mara nyingi, na Bibi akajifanya kumsukuma.

Baba yake Teppei alilivuta gogo kwa trekta lake dogo la shambani, na wote waliobaki wakalisukuma. Waliuzika mwisho mmoja ndani ya ukingo na kuulaza mwingine majini kwa mshazari, wakalifunga kwa kamba nene kwenye nguzo zilizopigiliwa chini. Mara tu lilipolala, maji yalisita, yakajikunja, yakazunguka pembeni na kuacha kidimbwi kilichotulia chini yake. Teppei alipiga mluzi kwa mshangao.

Jioni walipika supu ya majimbi na nyama ya ng'ombe palepale kijitoni, kama tunavyofanya kila vuli. Teppei alianza kuokota mawe majini ya kujengea jiko, kama ilivyo desturi, na watu wazima wakampigia kelele kwa pamoja mpaka akayaachia. Mwaka huo sufuria ilitengwa juu ya pipa la chuma lililokatwa. Kozue alikula bakuli hadi bakuli. Mikono yake ilikuwa na malengelenge, na aliyatazama kwa furaha.

Siku ya kuwatazama yamame ilifika. Wageni walikuja kutoka mbali, wengine na nywele nyeupe, wakalala kwenye mikeka pamoja na watoto. Maji yalikuwa yamerudi kuwa meupe kama kioo, na changarawe ilionekana punje kwa punje. Walitazama asubuhi nzima, wakatazama na mchana. Hakuna samaki aliyekuja. Wageni walikunja mikeka taratibu, wakampapasa Kozue kichwani, wakaenda zao.

"Nimefanya yote," Kozue alimwambia Shangazi Mitsue. "Tumefanya yote. Kwa nini?"

"Samaki hasikii kengele ya shule, mwanangu. Umemtengenezea kitanda. Kulala ni juu yake."

Siku zilipita. Asubuhi zikaanza kuwa na baridi ya kung'ata. Mchana mmoja, wakati wa usafi, watoto walikuwa katikati ya korido wakikimbia na vitambaa vyao, ndipo honi ya gari dogo jeupe iliposikika ikilia mfululizo nje ya lango. Shangazi Mitsue alitoa kichwa dirishani.

"Wamekuja! Shukeni kimya kimya, nikimsikia mtu anakohoa nitamtupa majini!"

Kozue aliachia kitambaa chake. Hakukikamua wala kukianika, alikiacha kimelala katikati ya sakafu katika kidimbwi cha maji, na tangu shule ile ijengwe sidhani kama jambo hilo lilikuwa limewahi kutokea. Alikuwa wa kwanza kufika kijitoni. Njiani alimpitia Bibi Fusae shambani, akamvuta kwa mkono.

Walilala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa. Chini ya gogo, kivulini, yamame wawili walikuwa wamesimama wakielekea juu ya mkondo. Jike alilala ubavu, akapiga mkia, na vijiwe vikaruka. Akapiga tena na tena mpaka akachimba kishimo. Dume alimzunguka akiwafukuza samaki wengine, maana walikuwapo wengine, walikuwa wakitokeza mmoja mmoja kutoka nyuma ya mawe yaliyokaa ovyo. Kisha wale wawili walitulia ubavu kwa ubavu, midomo wazi, miili ikitetemeka. Maji yaliingia ukungu kidogo, yakatakata. Jike alirudi akaanza kuyafunika mayai yake.

Watoto tisa, mwalimu mmoja, Shangazi na Bibi waliinamisha vichwa.

"Asanteni," walisema kwa sauti ndogo.

Kozue alisema mara mbili, mara ya pili kwa gogo. Bibi Fusae alikuwa akijifuta pua kwa kona ya aproni yake.

"Babu yako angekuwapo," alinong'ona, "angenisukuma majini."

Shule yetu ilifungwa mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado nene. Walideki korido kwa mara ya mwisho, wakaifunga milango, wakaiinamia. Watu walilia, na hapakuwa na haya yoyote katika kulia huko.

Mwezi wa nne, siku ya kwanza ya kwenda shule ya mjini, basi lilichelewa. Kituo kiko karibu na daraja, kwa hiyo Kozue na Teppei, wakiwa na sare mpya za sekondari, waliteremka kuangalia. Shangazi Mitsue alikuwa amewatangulia, amesimama bila fimbo.

"Angalieni hapa," alisema.

Vigingi vilivyokuwa vijiti vitupu vilikuwa vimechipua. Kila kimoja kilikuwa na vichipukizi vya kijani kibichi, na ukingo ulikuwa mzima, haujameguka hata kidogo kwa maji ya theluji. Kozue alichuchumaa karibu na gogo. Kwenye kivuli, kando ya mkondo, visamaki vidogo kuliko njiti ya kiberiti vilikuwa vikiogelea, vinakimbilia chini ya gogo na kutoka tena.

"Wangu!" alisema Kozue, kisha akajisahihisha. "Wa kijito."

Shangazi Mitsue aliketi kando yake, safari hii bila kreti.

"Nilikuwa nimekukasirikia siku ile, ujue," alisema. "Kisha nikafikiri. Mtoto huyu alitaka kushukuru, na hilo si dogo, wengi wanachukua tu. Ila kosa lako, na la kijiji kizima, lilikuwa kushukuru kabla ya kuuliza. Chumba kinapenda kufagiliwa. Kijito kinapenda mti wake uliolala, mizizi yake na mawe yake yaliyopinda, maana kwake huo ndio usafi. Ukitaka kumtendea wema mtu, au samaki, au ardhi, kwanza mtazame mpaka ujue anahitaji nini. Na ukikosea, sema kama ulivyosema, kisha ushike nyundo. Hivyo ndivyo ulivyotufundisha sisi wakubwa, na mimi nakushukuru."

Aliinamisha kichwa mbele ya Kozue, mtu mzima mbele ya mtoto. Kozue hakujua afanye nini, akainama chini zaidi, mpaka mkoba wake wa vitabu ukateleza ukampiga kisogoni.

Alipoinuka aliona tawi kavu, limebeba majani yaliyooza, limenasa kwenye gogo. Lilikuwa baya kabisa. Mkono wake ulianza kwenda wenyewe.

"Bi Ufagio," alisema Teppei, "usithubutu."

"Sijagusa!"

Visamaki viliona kivuli cha mkono wake, vikakimbilia chini ya lile tawi na kupotea. Kozue aliurudisha mkono taratibu.

Basi lilipiga honi barabarani, wakapanda mbio. Kozue alikaa dirishani akitazama mpaka gogo halikuonekana tena. Viatu vyake vipya vilikuwa na tope la kijito mpaka kwenye kamba, siku ya kwanza ya shule mpya, mbele ya wageni watupu, na hakulifuta.